Vitundu Viwili

Wosia ulikuwa ndani ya bati la biskuti,
chini ya pete za miguu ya njiwa
na risiti ya mashine ya kufulia iliyomtangulia kufa.
Mimi, Wilfred Oldroyd wa Barnsley, mwenye akili timamu,
aliandika kwa mkono uliozoea sepetu ya mgodini kuliko kalamu,
nyumba wagawane sawa kwa sawa, Lorna na Royston,
na njiwa wote apewe Clegg wa mlango wa tatu
kwa kuwa ndiye anayejua kunyamaza nao.

Royston akasema kwa simu: tafuta wakili.
Nikapanda kwa Bi Pickersgill, ngazi za zulia la kijani.
Alinitajia bei yake bila kupepesa.
Asilimia.
Asilimia ya baba.
Nilipokuwa nashuka nilizihesabu ngazi, kumi na nane,
na usiku ule nikamwambia ndugu yangu nitafanya mwenyewe,
fomu ni fomu, nimejaza za talaka, sembuse hizi.
Akakaa kimya. Si ukimya wa Clegg.

Meza ya jikoni ikawa ofisi.
Benki tatu zilinipa pole kwa maneno yale yale
kisha zikaniwekea muziki.
Nikajifunza kumwita marehemu.
Marehemu ana akiba. Marehemu anadaiwa gesi,
pauni kumi na moja na senti kadhaa.
Fomu ikataka thamani ya vitu vya nyumbani,
kama vingeuzwa siku ile ile, katika hali ile ile.
Kiti kilichobonyea kwa umbo la mgongo wake: sufuri.
Saa ya kupimia mashindano ya njiwa: arobaini, labda.
Njiwa kumi na wanne.
Nilimuuliza Clegg. Alitazama juu ya mapaa kwa muda,
akasema, inategemea kama watarudi.

Kosa langu halikuzidi ukucha wa mtoto.
Mashine ya nakala ya maktaba ilikwama,
nikaichomoa pini iliyoshika kurasa mbili za wosia,
nikanakili, nikabana upya, kando kidogo,
nikajiona hodari.
Wiki ya tisa ikaja barua ya msajili:
tumeona vitundu viwili visivyo na pini,
na juu, pembeni, alama ya kutu ya kibanio.
Je, palikuwa na karatasi nyingine?

Vitundu ningeweza kuvieleza. Kutu sikuijua.
Nilipekua bati, makoti, droo ya betri zilizokwisha.
Royston akauliza, kwa upole uliozidi kipimo,
karatasi gani, Lorna?
Hapo ndipo nilipoelewa asilimia ya Bi Pickersgill inanunua nini:
mtu wa tatu wa kushukiwa.

Niliipata bandani, katika daftari la njiwa,
kati ya mbio za Mei na mbio za Juni.
Kipande cha karatasi, kona yake ina kutu ile ile,
mwandiko wa mama, aliyetuacha miaka sita nyuma:
*Wilf, nyama iko kwenye oveni.
Ukimaliza hayo mambo yako ya kufa, njoo ule.*
Alikuwa ameitoa kwenye wosia, ambao haufunguliwi,
akaihamishia anapofungua kila asubuhi.

Nilimsomea Royston kwa simu. Akaniomba nirudie.
Tulicheka, halafu mmoja wetu hakuwa anacheka tena,
na sitasema ni nani.

Nikazipanda tena zile ngazi kumi na nane.
Bi Pickersgill aliniapisha kwa pauni saba,
kiapo hakina asilimia.
Niliapa kwamba pini niliichomoa mimi, kwa kutojua.
Niliapa kwamba sikubadilisha neno.
Niliapa kwamba karatasi ile haikuwa sehemu ya wosia wa baba yangu,
na katika makaratasi yote niliyotia sahihi mwaka ule
ndiyo kauli pekee
ambayo mpaka leo sina hakika nayo.