Jiwe la Engaruka

Njiro, saa nne usiku, umeme umerudi.
Elinami anakata jiwe la Engaruka;
maji yanachuruzika kwenye msumeno,
tope la kijivu linamrukia miwani.

Analisugua mpaka lipitishe mwanga,
jembamba kama ganda la kitunguu.
Chini ya hadubini, utando juu ya utando:
mweusi, mweupe, mweusi,
kisha mweupe mpana.

“Hapa ziwa lilijaa. Hapa likanywea,
wakabaki na magadi na jua.”
Anasema *wakabaki*, kama majirani
waliohama bila kuaga.

Hawakuwa na mfupa, wala jino.
Walikuwa ute tu, kama ule
wa mfereji wa kwetu Machame,
uliomwangusha mama na ndoo yake.
Ute ukanasa vumbi,
vumbi likaufunika,
ukapanda tena kulitafuta jua,
unene wa unywele kwa msimu.

“Miaka mingapi?” namuuliza.
Anapima kwa rula, anaandika namba
kwa penseli.
Anaifuta.

Nje mvua inapiga bati.
Kesho ngazi zitakuwa na ukijani.
Nitavua viatu, nipite polepole.