Siku ya Tisini

Paka wetu alipata karatasi zake mwezi wa pili.
Ana namba chini ya ngozi, ana cheti cha sindano,
ana mhuri mwekundu usio na shaka.
Aliingia Fukuoka bila neno, akalala juu ya jokofu.

Mimi ni mke wa Sunniva.
Tulioana Bergen, mvua ikinyesha upande upande,
shahidi wetu akipiga chafya hadi kwenye kiapo.
Kwao ile ni ndoa.
Kwetu Romania ni karatasi ya kufungia jibini.
Na hapa wanataka nchi zote mbili ziitikie kwa kichwa.

Dirisha namba saba, Bwana Kusumoto
ananifungulia milango kwa adabu, mmoja mmoja,
na kila mlango una ukuta nyuma yake.
Viza ya mwanafunzi: ada ya mwaka mzima
kabla sijajifunza kusema asante.
Viza ya kazi: mimi ni fundi wa vinanda vya kanisa,
mjini ambapo makanisa yanahesabika kwa vidole.
Kisha anashusha sauti, akiitazama kalamu yake:
“Mhandisi wa daraja lake
anaruhusiwa mtumishi wa nyumbani.”

Mtumishi.
Ni kweli, soksi zake nazifua mimi.
Naye ndiye anayenikata kucha za mguu wa kushoto
tangu nilipovunjika nyonga.
Yeye basi ni mtumishi wa nani,
na viza yake ya kucha iko dirisha gani?

Nilisema nitafikiri. Nilikunja fomu mara nne.

Wanaosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
hawakuwahi kupanga foleni hapa.
Nimekaa tisini, na tisini, na tisini,
naomba jembe, napewa tena kiti cha mgeni.

Basi kila siku ya tisini napanda feri kwenda Busan,
nalala chumba kisicho na dirisha karibu na soko la samaki,
nanunua mwani nisiouhitaji
ili begi langu lifanane na la mtalii.
Usiku Sunniva hupiga simu. Hatusemi mengi.
Ananisikilizisha paka akila.

Safari hii, niliporudi, kijana wa zamu
aligeuza kurasa za pasipoti yangu,
mihuri imebanana kama abiria wa saa kumi na moja.
“Kusudi la safari?”
Nilikuwa nimechoka. Nyonga inauma baharini.
“Kutembelea jamaa.”
“Jamaa yupi?”
Nyuma ya kioo nilimwona, mwavuli mkononi,
koti langu la sufi limemkaa kubwa,
ananyoosha shingo asione kitu.

“Paka,” nikasema.

Hakucheka. Aligonga mhuri.
Nyumbani sinki lilikuwa limejaa sahani za siku mbili,
nikakunja mikono ya shati kabla hata ya kuvua viatu.
Sunniva akasema acha, umechoka, keti.
Sikuketi.