Kona ya Tatu

Mama Nsimire haji kulalamika, huja kuhesabu:
Jumatatu ilizimika mara mbili, Jumatano haikuzimika,
Ijumaa ilizimika na mihogo ya Kavumu mgongoni,
magunia kumi na manne, kona ya tatu kupanda Kadutu,
nyuma yake pikipiki zikipiga honi kama zimefiwa.
Akashuka, akafungua boneti, akaitazama tu.
Ikawaka.

Kwangu haizimiki.
Naiacha ingurume asubuhi nzima, nakunywa chai kando yake,
napiga dashibodi ngumi, natikisa fyuzi,
nayo inanguruma kama mtoto aliyebebwa usiku na homa,
akafika mlangoni pa daktari, akaomba andazi.

Nimebadilisha chujio la dizeli.
Nimesugua vichwa vya betri kwa maji ya moto
na mswaki wa Murhula (hakufurahi).
Nimekaza kila kinachokazika.
Kila mara nilimwambia Mama: sasa imepona,
na kila mara aliniamini kidogo kuliko mara ya kwanza,
hata neno lenyewe likaanza kunichubua mdomo.

Siku ya saba ilinyesha mvua, ile ya Bukavu isiyobisha hodi.
Udongo mwekundu ukashuka na bati la mtu.
Nikakaa ndani ya pikapu nikifikiri:
mimi naipima ikiwa imelala.
Nani atakijua kikohozi cha mpagazi
kwa kumsikiliza akiwa kitandani?

Tukaazima saruji ya jirani, mifuko ishirini.
Murhula nikamkalisha pembeni yangu,
magotini balbu ndogo ya kupimia,
mikia yake tumeipitisha dirishani: mmoja kwenye bodi,
mmoja pale waya unapoingia kwenye pampu
kuifungulia dizeli.
"Usitazame njia," nikamwambia. "Njia ni yangu.
Wewe tazama mwanga."

Kona ya kwanza: "Upo."
Ya pili, gia ya kwanza, injini inainama ubavu
kama mtu anayesukuma mlango: "Upo."
Ya tatu
Murhula hakusema kitu. Nilisikia kimya kwanza,
kisha mvua juu ya paa, kisha honi.
"Umekwenda," akasema. Halafu: "Umerudi, fundi! Umerudi!"
Nikacheka, katikati ya matusi ya madereva,
kama mtu aliyekutana na mwizi wake uso kwa uso.

Tukaweka jiwe nyuma ya gurudumu, nikaingiza mkono.
Raba inayoshikilia injini imechanika;
gari likibeba mzigo mlimani, injini huegemea upande
na kuuvuta waya. Waya mweusi, ngozi yake nzima,
haina hata mkwaruzo. Nikaukunja kati ya vidole
na ndani, mahali pamoja tu, ukalegea
kama mfupa uliovunjika ndani ya mkono usio na jeraha.

Ndipo nikaliona fundo.
Utepe wa bluu, umezungushwa kinyume, kwa mkono wa kushoto.
Katika barabara yetu nzima ya mafundi
mimi tu natumia kushoto.
Miaka miwili nyuma, Jumamosi, jua linazama,
niliuunga waya huo ukiwa mfupi,
kwa kubana shibiri moja.

Jioni Mama Nsimire alifungua kitambaa chenye faranga.
Nikasema, leo hapana.
Akanitazama anavyoitazama mizani ya sokoni.
"Ilikuwa nini?"
Murhula akaacha kufagia.
"Mkono wangu," nikamwambia.

Akakaa kidogo. Akahesabu noti kadhaa hata hivyo.
"Basi raba nitalipa. Hiyo haikuchanikia kwako."
Akafunga kitambaa upya, mafundo mawili, akawasha, akaondoka
na mzigo wake wa kesho:
kona ya kwanza, kona ya pili.
Tulisimama mlangoni, mimi na Murhula, fagio mkononi,
tukisikiliza ya tatu.