Umezaliwa Nao

Picha ya eksirei kaibandika dirishani,
taa ya ukutani iliungua tangu Pasaka,
na nyuma ya mguu wangu naona Wanale,
maporomoko yake membamba kama uzi.
"Huu hapa," asema daktari Emuron kwa ncha ya kalamu,
"upande wa ndani, punje ya harage.
Wengi wanao, hufa bila kujua."

Mimi nimejua.
Miaka sita langoni mwa benki, saa kumi na mbili kwa zamu,
buti la kampuni likiutwanga.

Akaanza: kupumzika.
Akaiona sare yangu, akaacha.
Basi plasta, wiki sita.
Au soli ya kuinua uvungu wa wayo, ya vipimo, ya Kampala.
Mwisho kisu: wautoe,
na kano iliyojishikiza kwake
waihamishie kwenye mfupa halali.
Alisema hivyo, halali.
Tukatazamana.

Ofisi ya bima iko ghorofa ya tatu.
Nilipanda nikishika ukuta.
Binti wa dirishani, Nagudi, kucha za zambarau, mpole,
alifunua kurasa: risasi, ndiyo.
Mwizi akikuvunja mkono, ndiyo.
Mbwa wa zamu akikung'ata, ndiyo, na sindano zake.
"Lakini huu, dada, umezaliwa nao."

Na maumivu? Hayo niliyapata kazini.
Akaandika kitu. Akakifuta.
"Maumivu peke yake hayana namba."

Nikaitazama fomu yangu ya zamani:
mume, watoto wanne, majina yamejaa hadi ukingoni.
Huyu wa tano hakuandikwa
na ndiye halali usiku mpaka nimkande.

Nyuma ya soko, fundi Wepukhulu
alipapasa uvimbe kwa kidole gumba
kama mtu achaguaye parachichi.
Akalitoboa buti, tundu la sarafu ya mia tano,
akashonea mpira wa baiskeli. Elfu saba.
Usiku ule nilisimama hadi adhana,
mfupa ukichungulia barabara.

Mwisho wa mwezi ikaja barua, ina muhuri:
*kuharibu mali ya kampuni, elfu hamsini, itakatwa.*
Karatasi nzuri, nzito.
Nimeikunja mara nne,
kisha mara moja tena.
Imeenea vizuri chini ya uvungu wa wayo.