Gamba kwenye Kura

Saa nne usiku, darasa la nne, Mfangano.
Ramani ya Afrika ukutani imeliwa na mchwa hadi Kongo.
Mimi ndiye msimamizi wa kituo: koti la tume,
kalamu mbili za serikali, na karabai
niliyoazimwa na wavuvi wa omena,
maana mwezi mpevu umewapa likizo
na taa ya tume iligoma saa mbili.

Tumehesabu ugavana.
Mgombea wa chama, kile ambacho hapa
mtoto huzaliwa nacho kama jina la ukoo:
mia moja themanini na tatu.
Mgombea huru, Peninah Apondi, alama mizani:
mia mbili na kumi na moja.
Na moja iko chini ya kiganja changu.

Haina alama ya vyema. Haina msalaba, haina dole gumba.
Ina gamba.
Gamba la mbuta, upana wa ukucha,
limeng'ang'ania kisanduku cha mizani
katikati, barabara.

"Taka hiyo," asema Ogutu, wakala wa chama.
"Mtu katoka kupara samaki, kaja na mikono yake."
"Mwalimu," asema Seline Awando,
"mtu hupiga kura kwa alicho nacho."

Nilimjua Apondi kabla hajawa bango.
Alikuwa karani wa ufuo hapo chini,
miaka ile mnunuzi wa kiwanda alipokuja na mizani yake
yenye tumbo lisiloshiba.
Asubuhi moja akaitundikia jiwe la kilo kumi
aliloliazima dukani. Mshale ukasimama kwenye nane,
watu wakiona.
Hakutukana mtu. Alichukua chaki,
akaandika ukutani: KUMI NI NANE.
Tangu siku hiyo, ukimwuliza mtoto wa hapa
kumi ni ngapi,
anakutazama kwanza.

Wanaohesabu vina wanisamehe.
Mizani ninayoijua mimi ni ile.

Kwenye mchujo wa chama, masanduku yalifika Homa Bay
yameshiba kabla wapiga kura hawajaamka.
Akaenda kwa tume na saini zake, akapewa orodha:
kijiko, redio, ngazi.
Akauliza kama kuna mizani.
Shemeji yangu akamkejeli mkutanoni:
"Mbuzi asiye na kamba huliwa na fisi!"
Naye, bila kipaza sauti:
"Na mwenye kamba huchinjwa na nani?"

Kijitabu cha kanuni kinasema: nia ya mpiga kura,
ikiwa inaonekana.
Nimeinua karatasi mbele ya karabai.
Gamba linang'aa, lina pete ndani yake
kama mti uliokatwa.
Nimehesabu pete saba, kisha nikakumbuka
kwamba sikuajiriwa kuhesabu pete.
Nia ya nani hii? Ya mtu au ya samaki?
Kidole changu kinawasha.
Najua kidole kikiegemea sahani kidogo tu
mshale hufanya nini.

Nimeikataa.
Seline hakusema neno. Alishika kalamu muda mrefu,
akasaini kwa herufi za mtoto.
Kura zilizokataliwa: moja.
Gundi ya tume ilikuwa imekauka;
fomu tumeibandika mlangoni kwa uji.

Sasa kumekucha. Boti imepeleka masanduku Mbita,
na huko wanajumlisha, au wanafanya wanachofanya.
Redio inapiga muziki wa dini, ishara mbaya.
Nimeteremka ufuoni kunawa uso.
Mama mmoja, simfahamu jina,
amekunja kanga magotini, anapara mbuta,
magamba yamemjaa hadi kwenye viwiko.

"Mwalimu, zilihesabiwa zote?"
"Zote, mama."

Kisu kikasimama.
Akanitazama
kama watoto wa hapa wanavyotazama
ukiwauliza kumi ni ngapi.