Harara

Novemba ya Tandahimba haina huruma, hata bati linalia.
Fakihi kaota harara shingoni,
vijipele kama mtama uliomwagika.
Usiku kucha anajikuna, nami nampepea
kwa jalada la daftari la mizani ya korosho.

Mama yake yuko ghalani, zamu ya magunia.
Kaniachia maagizo: mwarobaini uchemke, upoe,
upoe kabisa, Baba Fakihi, si kama siku ile.
Siku ile sijaisahau. Wala mtoto.

Bibi Somoe kaja na unga wa muhogo, ati nimpake.
Jirani kaleta poda inayonukia saluni.
Nimewashukuru wote. Nimeviweka dirishani.

Ndoo moja leo shilingi mia tano.
Nusu tumekunywa, nusu ndiyo hii,
ya kijani, chungu hata kwa pua.
Namwogesha kivulini, kata kwa kata,
mikunjo ya shingo, makwapa, nyuma ya magoti.

"Baba, na jua nalo huoga?"
"Lingependa. Hapa kwetu maji hayalitoshi."

Kasinzia kabla sijamkausha mgongo.
Yaliyobaki beseni nimeumwagia mpapai,
nao tangu juzi umeinamisha majani.