Kizimba cha Kumi na Saba

Kabete, saa kumi na mbili asubuhi, Julai,
baridi ile ya kutoboa soksi.
Nabisha hodi mlangoni pa panya
(mazoea tu, hakuna anayejibu),
navaa glavu, nawasha taa.

Vizimba arobaini. Ishirini maji matupu,
ishirini maji yenye nikotini,
na mimi sijui vipi ni vipi:
Daktari Mutheu ameifungia orodha kwenye droo
jicho langu lisije likapendelea.

Nawapima mmoja mmoja. Gramu ishirini na sita.
Ishirini na nne. Huyu wa kumi na saba
ana uvimbe kwapani, mdogo, punje ya mtama.
Naandika: uvimbe, milimita mbili.
Siandiki: pole.

Mama ananusa ugoro tangu kabla sijazaliwa.
Kila Jumapili hunipigia simu kutoka Dandora,
sauti ikipitia puani:
"Kemunto, panya wenu wamesemaje?"

Miezi kumi na minane.
Tumekata mapafu membamba kuliko ganda la kitunguu,
tukayatia rangi ya waridi,
nikainamia hadubini hadi shingo ikazeeka kunizidi.

Leo droo imefunguliwa.
Maji matupu: uvimbe kwa panya watatu.
Nikotini: wanne.
Wa kumi na saba, yule niliyemshuku mwaka mzima,
alikuwa akinywa maji matupu.

Mutheu anavua miwani. "Watatu kwa wanne.
Hiyo si habari, ni shilingi imerushwa juu."
Kisha anafuta sentensi yangu ya mwisho.
Niliandika hakuna. Anaandika hatukuona.
Tunabishana juu ya hilo neno mpaka chai inapoa.

Maana panya hawa hawavuti chochote.
Hawana miaka arobaini puani.
Chupani mwao hamna majani, hamna magadi,
hamna ule moshi wa kuta za jikoni.
Tuliuliza swali dogo, tukajibiwa kidogo.

Jumapili simu inalia.
"Mama, nikotini peke yake hatukuiona ikiotesha kitu.
Lakini ndiyo inayokushika mkono usiinuke
yale mengine yakiendelea na kazi yao."

Kimya. Jogoo wa jirani yake.
Halafu kifuniko cha mkebe: tk.
Nabana simu sikioni, nasikiliza,
na siwezi kujua
kama amefungua au amefunga.